Vitanda vimejaa, daktari ako wapi? Historia ya hospitali zetu kutoka Kitale hadi Bungoma

UZI

1. Kila msimu wa siasa huku kwetu, kuanzia Saboti, Kitale na Endebess mpaka Kimilili, Webuye na Bungoma mjini, swali ni lile lile: mbona hospitali hazina madaktari na wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja? Majibu pia ni yale yale. Huyu anasema, "Kaunti imekula pesa." Yule anasema, "Serikali kuu haitumi pesa." Leo hatutaji mtu wala chama. Tunarudi nyuma miaka mia moja hivi, tuone shida hii ilianzia wapi. Kaa kitako, ni uzi mrefu.

2. Tuanze na reli. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya Trans Nzoia kwa walowezi, wengi wao wakiwa wanajeshi waliostaafu. Mwaka 1926 reli kutoka Eldoret ikafika Kitale, na mahindi yakawa mali. Lakini mlowezi hakulima peke yake. Maelfu ya watu walitoka upande wa Bungoma na kwingineko na kuishi kwenye mashamba hayo kama vibarua na maskwota. Wenyeji wa Mlima Elgon nao walijikuta maskwota kwenye ardhi waliyokuwa wakilisha mifugo yao.

3. Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kuanzia mwaka 1924, wakoloni waliunda mabaraza ya wenyeji katika sehemu zilizotengewa Waafrika. Mabaraza hayo yalitoza kodi ndogo na kujenga dispensari. Dispensari ilikuwa chumba kimoja, dresa mmoja na dawa za vidonda, malaria na minyoo. Ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa ya watu wenyewe.

4. Trans Nzoia haikuwa na kitu kama hicho, kwa sababu kwenye karatasi za serikali ilikuwa "nchi ya Wazungu". Mwafrika aliyeishi hapo alihesabiwa kama mfanyakazi, si mkaazi. Hakuwa na baraza lake, hakuwa na kodi ya kumjengea dispensari. Akiugua, alitegemea moyo wa mwenye shamba, au alirudi kwao kwa miguu. Hospitali zenyewe zilitengwa kwa rangi: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika. Kumbuka hilo neno "alihesabiwa", tutalirudia.

5. Upande wa Bungoma kulikuwa na afadhali kidogo, na afadhali hiyo ilitokana na misheni. Makwekari walifika Kaimosi mwaka 1902, wakasambaa kuelekea kaskazini, na hospitali yao ya Lugulu inahudumia watu mpaka leo. Wakatoliki nao wakajenga zao. Ndiyo maana hata leo wauguzi wa serikali wakigoma, utasikia mzee akisema, "Mpelekeni misheni." Hiyo kauli ni ya zamani. Misheni ilikuwa hospitali, na serikali ilikuwa ofisi ya kodi.

6. Uhuru ukaja na ahadi tatu: kupigana na ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 ada ya shilingi tano kwa wagonjwa wa nje ikafutwa. Watu wakaenda hospitali kwa wingi. Mwaka 1970 serikali kuu ikachukua vituo vya afya kutoka kwa mabaraza ya wilaya, maana mabaraza yalikuwa yameishiwa pesa. Harambee nazo zikajenga zahanati kila mahali. Wananchi walileta mawe, mbao na mabati, halafu wakaiambia serikali: sasa leta muuguzi.

7. Hapo ndipo tabia yetu moja ilianza. Jengo lilikuwa rahisi kupatikana kuliko mtu wa kufanya kazi ndani yake. Jengo lina siku ya kufunguliwa, lina utepe wa kukata na jiwe lenye jina. Mshahara wa muuguzi hauna utepe. Unalipwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayepiga picha.

8. Na madaktari wangetoka wapi? Kabla ya uhuru, Mwafrika wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alienda Makerere, Uganda. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka 1967. Ya Eldoret, iliyo karibu na sisi zaidi, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990. Yaani kwa karibu miaka thelathini baada ya uhuru, hakukuwa na mahali pa kufundishia daktari katika eneo hili lote la Bonde la Ufa na Magharibi. Waliofuzu Nairobi wengi walibaki Nairobi.

9. Wakati huo sisi tulikuwa tunazaana na kuhama. Mashamba ya walowezi yaligawanywa kuwa skimu za makazi, na kampuni za kununua mashamba zikaleta familia kutoka kila kona. Sensa ya mwaka 1979 ilikuta Trans Nzoia na watu takriban 260,000. Mwaka 1999 walikuwa 575,662. Mwaka 2009, 818,757. Mwaka 2019, 990,341. Ndani ya miaka arobaini idadi imekaribia kuwa mara nne. Ongeza Bungoma yenye watu 1,670,570 (2019), unapata zaidi ya milioni 2.6 katika kaunti mbili.

10. Jiulize: hospitali iliyojengwa kuhudumia wilaya ya watu laki mbili na nusu, inafanyaje ikiwa na watu karibu milioni moja? Inafanya vile tunavyoiona. Wodi ni ile ile, korido ni ile ile, choo ni kile kile. Mitaa kama Matisi, Tuwani na Kipsongo imejaa watu, lakini mlango wa wodi ya wazazi haukupanuka wenyewe.

11. Halafu ikaja miaka ya tisini. Kuanzia Desemba 1989, kwa shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, serikali ilianza mpango wa mwananchi kuchangia gharama. Wagonjwa walipungua ghafla, ada nyingine zikasitishwa mwaka 1990, kisha zikarudishwa polepole. Wakati huo huo serikali ilibana ajira. Aliyestaafu hakuzibiwa pengo. Mwaka 1994 madaktari waligoma zaidi ya siku mia moja. Wengi waliochoka walipanda ndege, na wengine wakafungua kliniki zao mjini.

12. Nilikuwa mtoto wakati huo, na nakumbuka kwenda kumwona shangazi aliyelazwa. Kitandani walikuwa wawili, wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Shangazi alikuwa na nyumonia, mwenzake alikuwa amefanyiwa upasuaji. Mama alileta blanketi, uji, sindano tulizonunua nje na glavu. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na alikuwa analia. Mpaka leo nikisikia mtu akisema "wauguzi ni wakali", namkumbuka huyo mama aliyelia.

13. Mwaka 2004 ada zikapunguzwa kuwa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mwaka ambao lazima tuusimamie ni 2013, maana ndani ya kama wiki kumi hivi mambo manne yalitokea, na tunaishi nayo mpaka leo.

14. Kwanza: tarehe 1 Juni 2013, kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Pili: tarehe 27 Juni, mkataba wa mishahara na mazingira ya kazi ya madaktari ulitiwa sahihi na serikali kuu. Tatu: Agosti, huduma za afya zikahamishwa rasmi kwenda kaunti. Soma tena. Serikali moja iliahidi huduma ya bure na kuahidi mishahara, halafu ikakabidhi serikali nyingine hospitali na wafanyakazi. Bili iliachiwa nani? Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole.

15. Nne: mwezi huo huo wa Agosti, katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, mama mmoja alienda kujifungua. Vitanda vya kujifungulia vilikuwa vimejaa. Alijifungulia sakafuni, kwenye korido, halafu akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Video ilisambaa nchi nzima. Wengi wenu mnaikumbuka.

16. Huyo mama hakunyamaza. Alienda mahakamani, na Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba haki zake za afya na utu zilivunjwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Mahakama haikuwalaumu wauguzi peke yao. Ilisema serikali kuu na ya kaunti zote zilishindwa kutenga rasilimali na kusimamia viwango vya hiyo huduma iliyotangazwa kuwa ya bure. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hayo si maneno ya kupamba karatasi.

17. Kwa hiyo siku nyingine mtu akikwambia kwenye debe, "Hilo ni la serikali kuu" au "Hilo ni la kaunti", mkumbushe hukumu ya Bungoma. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: kaunti ina hospitali za kaunti, zahanati na ambulansi, serikali kuu ina sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Kazi imegawanywa. Lawama haijagawanywa. Wote wawili wanadaiwa.

18. Je, ugatuzi umeleta kitu? Tuwe wakweli: ndiyo. Zahanati zimeongezeka vijijini, na ambulansi ambazo zamani zilikuwa hadithi sasa unaziona barabarani. Kitale imepata hospitali mpya ya rufaa ya kaunti, ingawa ilianza kujengwa kipindi cha kwanza cha ugatuzi na ikachukua miaka na miaka kabla ya kufungua milango. Anayesema ugatuzi haujafanya lolote anadanganya. Lakini anayepiga picha ya jengo na kusema shida imeisha, huyo naye anadanganya.

19. Kwa nini? Tufanye hesabu ndogo. Wiki ina saa 168. Daktari mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, ili pawe na daktari mmoja tu zamu zote, usiku na mchana, unahitaji wanne na kidogo. Weka likizo, ugonjwa na mafunzo, ni watano. Watano, ili ukienda saa nane usiku na mama mwenye uchungu umkute mmoja! Hospitali ndogo ikiwa na madaktari wawili, maana yake ni kwamba usiku mwingi hakuna. Si uvivu, ni hesabu.

20. Na kitanda pia si chuma na godoro. Kitanda cha hospitali ni muuguzi, oksijeni, dawa, chakula, shuka safi na mtu wa kuja kukuangalia asubuhi. Ukinunua vitanda mia bila kuajiri, umenunua fanicha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza madaktari, wauguzi na wakunga 23 kwa kila watu 10,000 kama kiwango cha chini. Kwa watu wa Trans Nzoia wa sensa ya 2019, hiyo ni karibu 2,280. Siku ukikutana na anayeomba kura, muulize wako wangapi.

21. Sasa linakuja lile linalochanganya watu. Tunaambiwa madaktari ni wachache, lakini kuna madaktari vijana waliofuzu na wamekaa nyumbani bila kazi. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu kuna upungufu wa aina mbili: wa watu, na wa mishahara ya kuwalipa. Sisi siku hizi tuna huo wa pili. Sheria za fedha za mwaka 2015 zinasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Kaunti nyingi tayari zimegonga dari hilo au kulipita. Kwa hiyo gavana anaweza kujenga wodi kwa pesa za maendeleo, lakini kuajiri wa kuifungua kunamshinda.

22. Swali la haki hapa: hiyo asilimia 35 inaliwa na nani? Daktari na muuguzi wako ndani, sawa. Lakini pia wako ndani washauri, madereva, wasaidizi, na watu walioajiriwa kwa sababu walipiga kampeni. Mzigo wa mishahara si neno moja. Ukiambiwa "mzigo umezidi", omba orodha ya idara. Ni haki yako, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

23. Serikali kuu nayo imejaribu njia za mkato. Mwaka 2015 ilikuja na mpango wa kukodisha mashine za hospitali wa shilingi bilioni 38, hospitali mbili kila kaunti. Mashine nyingine zilikaa bila kutumika, kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mwaka 2018 walikuja madaktari 100 kutoka Cuba, na mpango huo ukafungwa mwaka 2023. Mwaka 2020, wakati wa korona, maelfu ya wahudumu waliajiriwa kwa mikataba ya muda, na miaka mitano baadaye walikuwa barabarani Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Unaona mtindo? Kila kitu cha muda. Ugonjwa wetu si wa muda.

24. Na migomo? Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ulihusu nini? Ule mkataba wa Juni 2013! Wauguzi nao waligoma mwaka 2017 karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na suala kubwa lilikuwa kutumwa kazini na malipo ya madaktari wanagenzi. Unaweza kukasirika na mgomo, nakuelewa, maana walioumia ni wagonjwa maskini. Lakini deni likikaa miaka mingi bila kulipwa, usishangae mdai akibisha mlango kwa nguvu.

25. Jambo la mwisho la historia, na hili ni letu kabisa. Mgonjwa hajui mpaka wa kaunti. Kitale inapokea watu kutoka Pokot Magharibi (621,241 kwenye sensa ya 2019), wengine wanashuka na barabara kutoka Turkana, na wengine wanavuka kutoka Uganda kupitia Suam. Bungoma nayo inapokea wa Malaba na kwingine. Wakizidiwa, wote wanasukumwa Eldoret, kilomita zaidi ya sitini kutoka Kitale. Lakini fomula ya kugawa pesa inahesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, si pale alipotibiwa. Fomula ya kwanza iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Mgonjwa wa Kapenguria anahesabiwa kwao, anatibiwa kwetu.

26. Mnakumbuka neno nililosema tutalirudia? Miaka mia iliyopita, skwota wa Trans Nzoia alihesabiwa kama mkono wa kulima, si mtu wa kutibiwa. Leo mgonjwa anahesabiwa kama kura, kama namba ya sensa, kama picha ya uzinduzi. Bado hatujamhesabu kama mtu atakayefika saa nane usiku akitaka kitanda na daktari.

27. Basi ukienda kwenye baraza la bajeti, au mwanasiasa akija Saboti, Machewa au Kinyoro, usiulize "mtatujengea hospitali?" Atasema ndiyo, hilo ni rahisi. Uliza haya:
– Hospitali hii ina madaktari na wauguzi wangapi wa kudumu, na usiku wa leo yuko nani zamu?
– Mwaka huu mmetenga pesa ngapi za kuajiri, si za kujenga?
– Wangapi wanastaafu, na pengo lao linazibwa lini?
– Wagonjwa wangapi wanatoka kaunti jirani, na nani analipa?
– Pesa ambazo hospitali inakusanya na kudai kutoka bima ya afya zinabaki hospitalini au zinaenda kwingine?

28. Akikujibu kwa namba, msikilize, hata kama si wa upande wako. Akikujibu kwa matusi ya mpinzani wake, umejua. Na wewe msomaji, ukiwa mpenzi wa upande wowote, usimtetee mtu wako kwa sababu ya jengo. Shangazi yangu hakukosa jengo. Paa lilikuwepo na ukuta ulipakwa rangi. Alikosa kitanda chake peke yake, na muuguzi wa pili.

Mwisho wa uzi. Kama umelala wodi zetu au umefanya kazi humo, tuambie hapa chini uliyoyaona. Usitaje majina ya wahudumu. Taja mwaka na idadi ya watu kwa kitanda. Historia hii bado inaandikwa, na sisi ndio mashahidi.